Ndege ya mama kutoka Amsterdam kwenda Dar imefutwa

Dada, poleni. Umeuliza kama mama aipokee vocha waliyompa baada ya kufuta ndege yake ya leo. Asiipokee kwanza! Safari inayoanzia nchi ya Umoja wa Ulaya inalindwa na kanuni namba 261 ya 2004, hata kama shirika si la Ulaya. Uchaguzi ni wake: arudishiwe nauli ndani ya siku 7, au apangiwe ndege nyingine mapema iwezekanavyo bila kuongeza hata senti. Mimi ningepangiwa tu, maana tiketi ya kununua siku hiyohiyo bei yake huwa ya moto.

Mama abaki kwenye foleni ya kaunta, wewe huku piga simu huduma kwa wateja ukiwa na namba ya bukingi yake. Tafuta mwenyewe ndege yenye nafasi, hata ya kupitia Addis Ababa au Doha, uwatajie namba yake. Nilipokwama mimi, kiti nilikipata hivyo, wakati foleni haijasogea.

Akilazimika kulala, hoteli na chakula ni juu yao, hata kama sababu ni theluji. Fidia ya yuro 600 ni habari nyingine: kwa kuwa wamemwambia chini ya siku 14 kabla, anaweza kuidai, ila si kama chanzo ni hali mbaya ya hewa. Atunze risiti zote.

Tiketi yake ni ya kwenda na kurudi? Basi asijinunulie nyingine kimyakimya, wasije wakafuta na ya kurudi.