Kabla hujasema dawa imegoma: kwa mnaoanza kliniki ya PCOS Mwanza

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya wanawake, mgonjwa wa PCOS (tatizo la homoni linalofanya mayai yasitoke kwa mpangilio) anayetafuta mtoto atawauliza: "Hii dawa itanisaidia kweli?" Sehemu kubwa ya jibu mtaipata kwa kumsikiliza, hata kabla ya maabara.

Anzeni na hedhi. Anayeiona kila baada ya miezi miwili hafanani na aliyemaliza mwaka bila kuiona; huyu wa pili mara nyingi ndiye klomifeni, dawa ya kuchochea yai litoke, humgomea. Uzito mkubwa na homoni za kiume zilizopanda vinazidi kupunguza matumaini. AMH (homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai) ikiwa juu sana, habari ni ileile, ila kipimo hicho kina bei. Mizani na tepu ya kiuno mnazo hapo hapo, zitumieni kwa kila mgonjwa.

Dawa nazo hazilingani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wenye wanawake 750, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli, nayo dawa ya kuchochea yai, na 19.1 kwa klomifeni. Mwingine wa 2007 uliipa metformini (dawa ya kisukari) peke yake asilimia 7.2, klomifeni 22.5. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anayetafuta mtoto amemezeshwa metformini tupu mwaka mzima.

Sasa projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, na hapa tulieni. Kipimo hiki ndicho kinachotuambia kama yai limetoka, na damu huchukuliwa kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Dada wa Ukerewe ambaye mzunguko wake ni wa siku 35 apimwe siku ya 28. Mkimpima ya 21, majibu yatakuja chini, mtaandika "dawa imegoma", mtampandishia dozi isiyohitajika, na nauli ya meli kutoka Nansio itakuwa imeenda bure. Muulizeni meli yake inaondoka saa ngapi, ndipo mwandike tarehe kwenye kadi.

Kwenye faili tenganisheni mambo mawili: yai halijatoka, na yai limetoka lakini mimba haijashika. La kwanza linadai kubadili dozi au dawa. La pili linataka muangalie mirija, na mume apimwe mbegu. Tena huyo mume aitwe mapema, siku ileile mke anapoandikiwa dawa ya kwanza.