Maswali na Majibu: Mozaiki za Nafaka na Watoto

Nina watoto wa miaka 5 na 8, na jikoni kuna mchele, choroko na maharage tu. Tuanze na picha gani ya mozaiki, yaani ya kubandika punje kwa gundi? (Mama wa wawili, Morogoro)

Anzeni na jani la mpapai. Chagueni changa, lisilozidi kiganja cha mtu mzima. Watoto walichume wenyewe, walilaze juu ya kipande cha boksi gumu na kulizungushia penseli. Kabla hawajagusa gundi, walitazame vizuri: mishipa inaanzia wapi, inagawanyika vipi? Hiyo mishipa ndiyo hubandikwa kwanza, kwa mchele, punje zikifuatana kama siafu. Halafu choroko zijaze nafasi zilizobaki. Pakeni gundi sehemu ndogo ndogo, maana ikishakauka haishiki tena. Maharage yabaki kwa ajili ya fremu.

Mkishazoea, jaribuni kanga, yule ndege: mwili wa majani makavu ya chai, madoa ya mchele. Mdogo huenda akachoka mapema; mwacheni, ataendelea kesho. Na tafadhali mama, usimnyooshee mistari yake akishalala. Atajua.

Gundi ya dukani inaisha haraka. Uji wa ngano unafaa? (Mwalimu wa chekechea, Nakuru)

Unafaa sana kwa punje ndogo. Koroga kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vinne vya maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo ubandike motoni, ukikoroga hadi uwe mzito. Upoe kwanza. Pika wa siku hiyo tu, kwa sababu huchacha. Maharage na mahindi ni mazito, yataanguka. Hayo yatafutie gundi nyeupe ya mbao.

Bibi yao anasema tunachezea chakula. Nimjibu nini? (Baba, Tanga)

Usimjibu, mwombe chuya. Akichambua mchele kuna chuya na punje zilizovunjika, na kwenye debe la mahindi hakosi yaliyobunguliwa. Hivyo ndivyo vya kubandika, na kwa picha moja kikombe cha chai kinatosha. Mimi niko upande wa bibi: kufungua kilo mpya ya mchele kwa ajili ya picha sikubali.

Ila nafaka yenye ukungu msiiguse kabisa, hata kama rangi yake inavutia. Huenda ina sumukuvu, na vumbi lake si la kuvutwa na mtoto.

Binti yangu anataka picha ya heroe, yule ndege wa pinki (flamingo). Rangi ya pinki nitaipata wapi bila kununua? (Mama Zai, Arusha)

Chemsha rozela kavu kwa maji kidogo mpaka yakolee, yaache yapoe, tumbukiza mchele kwa dakika chache tu, chuja, kisha utandaze kivulini. Ukikaa mno utavimba na kukatika. Rangi haitakuwa ile ile, itaelekea zambarau. Kwa njano, manjano ya jikoni yanatosha.

Wakati mchele unakauka, mwambie binti kwamba heroe naye hupata rangi yake kutoka kwenye chakula. Wale heroe wadogo wanaozaliana Ziwa Natron, si mbali sana na kwenu, hula mwani wenye viini vya rangi, na vifaranga wao huanguliwa wakiwa wa kijivu. Basi kwenye picha na kifaranga awepo: ulezi utamtosha.

Mdogo wao ana miaka 2 na analilia kushiriki. (Mama, Mombasa)

Punje asipewe. Zitaingia puani, sikioni au kooni. Mpe donge la unga uliokandwa, pamoja na majani makubwa ayagandamize juu yake. Ikitokea harage limeingia sikioni, msimimine maji wala mafuta: maji hulivimbisha. Mpelekeni kituo cha afya.

Wakubwa nao waonywe wasitafune maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Mbegu za kuokota porini ni hadithi nyingine: mbono, na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, zinaweza kuua. Msizilete mezani hata kwa urembo.

Picha yetu ya maharage imeanza kutoboka na kutoa wadudu. (Msomaji, Bukoba)

Mayai yalikuwamo tangu sokoni. Hiyo itoeni nje. Safari ijayo wekeni punje kwenye friza siku kadhaa, au zikaangeni kidogo bila mafuta mpaka zipate moto hadi ndani, zipoe. Picha ikikauka, ipakeni juu gundi nyeupe iliyoongezwa maji, na boksi lipakwe upande wa nyuma pia, la sivyo litajikunja.