Kubadili jina la kolamu katika mfumo ambao watu wanautumia

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mnaweza kubadili jina la kolamu ya "simu" liwe "namba_ya_simu" katika hifadhidata ya mfumo unaotumika mchana kutwa, na kama kuna haja ya faili za maigresheni, yaani faili zenye amri za kubadili majedwali hatua kwa hatua, ilhali mko wawili tu na kila mmoja ana nywila ya seva.

Hilo la pili ni jepesi: haja ipo. Mkiendelea kubadili majedwali kwa mkono, baada ya miezi michache hakuna atakayejua hifadhidata ya majaribio inatofautiana wapi na ile halisi. Faili ikishatumika kwenye seva isiguswe tena, na kosa lililomo lirekebishwe kwa faili mpya. Flyway, programu ya kuendesha maigresheni, hukokotoa alama ya ukaguzi (namba inayotokana na yaliyomo) ya kila faili na hugoma ikiona imebadilika. Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa Python, hutunza majina ya faili na wakati zilipotumika tu, si yaliyomo, katika jedwali la django_migrations, kwa hiyo mwenzako akihariri ya zamani hakuna kengele itakayolia.

Kazi iko kwenye jina la kolamu. Amri yenyewe ya kubadili jina, PostgreSQL (programu ya hifadhidata) huimaliza kufumba na kufumbua, lakini msimbo na hifadhidata havibadiliki kwa wakati mmoja. Kati ya jina kubadilika na programu mpya kuwashwa, programu ya zamani itaendelea kuiulizia kolamu ya "simu" ambayo haipo tena, na kila ombi litarudi na kosa. Kwa hiyo mimi huongeza kolamu mpya kwanza, ikiwa inaruhusu kuwa tupu, kisha hutoa msimbo unaoandika kote kuwili huku ukisoma ile ya zamani. Msimbo huo ukishaenea kwenye seva zote, si kabla, ndipo ninapoanza kunakili rekodi za zamani kwa mafungu ya elfu tano tano, kila fungu na muamala wake, yaani kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja. Baadaye msimbo huhamia kusoma kolamu mpya, kisha huacha kuiandika ya zamani, na mwisho kabisa kolamu hiyo hufutwa. Hapo pana mtego ulioninasa: kama kolamu ya zamani ina sharti la NOT NULL, linalokataa nafasi tupu, sharti hilo liondolewe kabla msimbo haujaacha kuiandika, la sivyo kila rekodi mpya itakataliwa.

Jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonitia aibu zaidi, ni kufuli, yaani kizuizi ambacho hifadhidata huweka kwenye jedwali amri fulani ikilitumia. Nilikuwa nikitunza mfumo wa kupokea ada za shule, nikaongeza kolamu moja kwenye jedwali la malipo saa tano asubuhi, nikiwa na uhakika kwamba tangu toleo la 11 la mwaka 2018 PostgreSQL haiandiki upya jedwali zima kwa ajili ya kolamu yenye thamani ya msingi isiyobadilikabadilika. Uhakika huo ulikuwa sahihi, ila haukunisaidia. Mhasibu alikuwa ameanzisha ripoti ya mwaka mzima inayosoma jedwali hilohilo. ALTER TABLE yangu, amri ya kubadili jedwali, ilihitaji kufuli ya ACCESS EXCLUSIVE, isiyoruhusu mwingine kusoma wala kuandika, ikawa inaisubiri ripoti imalize, na malipo yote yaliyoingia baada yake, hata maombi ya kusoma tu, yakapanga foleni nyuma yangu. Nilidhani mtandao umekatika, nikawasha upya programu mara mbili bila mafanikio, mpaka nilipotazama pg_stat_activity, orodha ya amri zinazoendelea, nikaona amri yangu mwenyewe ndiyo iliyoziba mlango. Siku hizi kila faili yangu ya maigresheni huanza na SET lock_timeout = '3s'. Amri isipopata kufuli ndani ya sekunde tatu hukata tamaa, foleni hufunguka, nami hujaribu tena baadaye.

Faharasa (za kuharakisha utafutaji) kwenye jedwali kubwa ziundwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii kuandika lakini haikubali kuendeshwa ndani ya muamala na ikishindwa katikati huacha faharasa batili ya kufutwa kwa mkono. Wenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, wajue pia kwamba huko kila amri ya kubadili jedwali hujithibitisha papo hapo, hivyo faili yenye amri tatu ikikwama kwenye ya pili hubaki nusu, na ndiyo sababu huko naandika amri moja kwa faili.

Sasa, kwa hali yenu. Umesema mfumo unatumika mchana, hukusema usiku. Kama jedwali hilo lina rekodi elfu chache na hakuna mteja saa nane usiku, msijisumbue na hatua zote hizo: chukueni nakala ya hifadhidata kwa pg_dump, zimeni programu, endesheni faili yenye RENAME COLUMN, amri ya kubadili jina la kolamu, washeni programu mpya, jaribuni kumsajili mteja mmoja, kisha mkalale.