Jibu: Kumpata mtaalamu wa fiziotherapia mwenye leseni Mombasa

Ndugu yangu, pole kwa kiharusi kilichompata mama. Umeuliza mtampataje mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mwenye leseni ya kumhudumia. Kwa kuwa mpo Mombasa, anzeni na idara ya fiziotherapia ya Hospitali Kuu ya Pwani. Hata mkipendelea mtaalamu wa kuja nyumbani, mwombeni kwanza namba yake ya usajili katika Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, kisha mwithibitishe kwa baraza lenyewe, kwani cheti kilichotundikwa ukutani si leseni. Wakandaji wapo wengi, na baadhi yao ni hodari kwa misuli iliyochoka, lakini mkono uliopooza hauvutwi ovyo, maana bega lililolegea huweza kuteguka. Mtaalamu wa kweli atampima mama kabla ya kuanza, na atawafundisha nyinyi mazoezi ya kila siku.