Bolti Imefunga, Lakini Risasi Siyo Yake

Swali: Mhariri, salaam. Raifo yangu ni ya risasi aina ya .30-06 na nina kibali chake. Jamaa yangu amenipa risasi 10 za .308 Winchester, anadai ni mamoja kwa sababu kichwa, kile kipande kinachoruka, ni kilekile. Nimejaribu, bolti (komeo la nyuma ya mtutu) inafunga vizuri. Nizitumie?
*Mwindaji, Tabora*

Jibu: Usizitumie, achilia mbali suala la sheria la kupeana risasi kienyeji. Kuhusu kichwa jamaa yako hajakosea: vyote viwili vina kipenyo cha milimita 7.82. Kasoro iko kwenye ganda. La .30-06 lina urefu wa milimita 63, la .308 ni 51. Ndani ya chemba yako, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi, mabega ya ganda hilo fupi (pale linapopungua kuelekea shingo inayoshika kichwa) hayagusi kitu. Linashikiliwa na kucha ya bolti tu.

Na shaba ya ganda ndiyo kizibo cha gesi. Baruti ikiwaka, shaba inatanuka kujaza nafasi isiyo yake. Ikipasuka karibu na kitako, gesi ya moto inarudi nyuma kupitia bolti, yaani usoni kwako. Mara nyingine ganda hutoka limevimba tu, shingo imepotea, na mpigaji akadhani mambo ni shwari. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Kwenye raifo ya .270 ni balaa zaidi. Risasi ya .308 huingia humo pia, ila mtutu wake ni wa kichwa cha milimita 7.04. Kichwa kinene kikisukumwa kwenye tundu jembamba, mgandamizo hupanda kupita uwezo wa chuma. Ndivyo inavyokuwa kwa .300 Blackout ndani ya bunduki ya .223: magazini moja, kitako cha ganda kimoja, lakini kichwa kimezidi tundu kwa milimita 2 na ushei.

Soma maandishi mawili: yaliyochongwa kwenye mtutu na yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda. Yalingane yote, siyo namba ya mwanzo tu. 7x57 Mauser na 7 mm Remington Magnum zote ni za "milimita 7", na hazikaribiani hata kidogo.

Swali: Nilipiga risasi ya .375, ikalia "pu!" hafifu, bega halikusukumwa. Mwenzangu akaniambia nipakie nyingine haraka.
*Msomaji, Iringa*

Jibu: Ushauri huo ungekupasulia mtutu. Mlio hafifu maana yake huenda fataki (kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda) imewaka na baruti haikuwaka sawasawa, kichwa kikakwama njiani. Risasi ya pili ikikikuta, mtutu huvimba kama pete au hupasuka.

Elekeza mdomo wa bunduki mahali salama, hesabu sekunde 30 kamili (sisi hungoja dakika nzima), kisha fungua bolti ukiwa umeweka uso kando. Ukikuta chembe za baruti mbichi kwenye chemba, umeshapata jibu. Toa risasi zote, toa bolti, chungulia mtutu kutokea nyuma. Mwanga usipopita, pana kitu. Usikitoe kwa kupiga risasi nyingine. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye kibali.

Ukivuta kifyatulio pakawa kimya kabisa, subira ni ileile. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka, na risasi ikilipuka nje ya chemba, ganda hutawanyika vipande vipande.

Ndugu yetu wa Iringa asidhani ni yeye tu. Risasi za .458 Winchester Magnum zilizotoka mwaka 1956 zilishindiliwa baruti mno. Baadhi zikashikamana ndani na kuwa bonge lisilowaka vizuri, na wawindaji wa Afrika wakalalamika sana. Mbele ya mbogo!

Swali: Risasi zilizokaa miaka kwenye mkanda wa ngozi zinafaa?
*Msomaji, Voi*

Jibu: Zitoe kwanza. Ngozi huleta ukungu wa kijani kwenye shaba na kuila. Iliyochimbika, yenye ufa shingoni au iliyobonyea, itenge. Kichwa kilichozama ndani ya ganda ni hatari kuliko kinavyoonekana, kwani kimepunguza nafasi ya baruti na mgandamizo utapanda. Usizipake mafuta: hupenya kwenye fataki, na ganda linaloteleza hugonga bolti kwa nguvu zaidi. Zilizolowa usizianike karibu na moto. Mbovu zote zipeleke kituo cha polisi. Usizitupe shimoni, watoto watazifukua.