Kabla hujakubali kuvuta bango angani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chikongola alinifuata nyumbani Mikindani, leseni ya urubani mkononi na furaha imemjaa usoni. Amepata kazi nje ya nchi, ya kuvuta mabango ya matangazo juu ya fukwe. Alikuja kuaga. Nikamwambia, mdogo wangu, kaa kwanza. Kazi hiyo nimeifanya, na imeniondolea rafiki.

Kinachomvuta nakielewa. Ukitoka chuoni una saa 200 na kitu za kuruka, na mashirika yanataka zaidi. Marekani, rubani wa ndege za abiria kwa kawaida hudaiwa saa 1,500. Mimi nilizitafuta zangu kwenye mabango, Afrika Kusini.

Wengi hudhani ndege hupaa na bango lake. Hupaa tupu, kisha hurudi chini chini ikiburuta kamba yenye kulabu. Uwanjani husimamishwa nguzo mbili, na kitanzi cha kamba ya bango hutandwa katikati. Unapita juu yake, unainua pua, kulabu inanasa, bango linabanduka kwenye nyasi herufi moja moja. Hatari yote imo katika sekunde hizo. Uko chini, mwendo unapungua, mzigo unakuvuta mkiani. Bawa likiukabili upepo kwa pembe kali mno, kwa ndege ndogo nyingi kama nyuzi 15 hivi, linaacha kubeba. Injini itakuwa inanguruma vizuri kabisa, na ndege itaanguka.

Asubuhi ile zamu yangu ilikuwa ya nguzo. Umande ulikuwa mwingi, bango limelowa. Mwenzangu alinasa, akapanda wima kuliko kawaida, nikaona bawa la kushoto linalala. Nilipiga kelele "Achia!" kwa Kiswahili, lugha asiyoijua, na kwa ngurumo ile asingenisikia hata kwa lugha ya mama yake. Ndege iliangukia mwisho wa uwanja, bango bado limeshikamana nayo. Hakupona. Wiki moja kabla alikuwa ameachia bango shambani kwa watu, akakatwa mshahara.

Hilo la mshahara ndilo linaloniuma hadi leo.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Nanga ikinasa mwambani na kusi inavuma, alikata kamba. Nanga ilikuwa mali, tena mara nyingine ya mkopo, lakini kisu kilikaa karibu na mkono wake tangu pwani. Alikuwa ameshaamua kabla ya kutweka tanga. Rubani wa bango naye aamue akiwa bado ardhini.

Kwa hiyo nilimwambia kijana aulize kwanza: bango likiachiwa, nani analipa? Wakisema ni rubani, asiende. Kila asubuhi ajaribu kile kishikio cha kuachia bango, kamba ikiwa imevutwa kwa nguvu, si ikiwa imelegea. Kabla ya kunasa ataje kwa sauti mwendo ambao ukishuka chini yake bango linaachiwa, hata kama limeandikwa jina la tajiri gani. Injini ikizima, pua chini na bango liachiwe papo hapo. Na injini hizo huchoka: zinavuta kwa nguvu huku ndege inakwenda polepole, upepo wa kuzipoza ni mdogo. Atazame kipimo cha joto.

Ufukweni una bahari upande mmoja na majengo upande wa pili. Machi 2019, huko Fort Lauderdale, Florida, ndege aina ya Piper Pawnee iliyokuwa kwenye kazi hii iligonga jengo la ghorofa na rubani akafa. Pawnee ilitengenezwa kunyunyizia dawa mashambani, ndege ya kufanya kazi chini, na bado. Kila dakika ujue utatua wapi.

Aliniuliza kama maswali hayo hayatamkosesha kazi. Nikamjibu kwamba yanaweza. Alikaa kimya muda mrefu, akanywa chai yake ikiwa imeshapoa, kisha akatoa simu na kuwaandikia waajiri palepale kibarazani, swali la bango likiwa la kwanza. Jana alipita tena. Hawajamjibu.