Barua kwa mwanangu: Mkanda wa Kobe

Mwanangu,

Salamu sana. Huku Ngamiani sote wazima, na mama yako anauliza kama yale mafuta ya nazi yamekufikia. Nimepata ujumbe wako kwamba trafiki amekuandikia faini pale Kange, huku huku Tanga, kwa kutofunga mkanda, shilingi 30,000. Unataka kujua ulipe, au uende mahakamani ukamwambie hakimu kuwa Kobe, hilo gari letu la Volkswagen la 1967, halikutoka kiwandani na mikanda, na mtu hawezi kufunga kisichokuwepo.

Nimeusoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikamwita mama yako asikie. Ya pili sikucheka.

Tuanze na hao Waingereza ulionitolea mfano kwenye ujumbe wako. Ni kweli, kule gari lililoanza kutumika kabla ya 1965 halilazimiki kuwa na mikanda. Lakini Kobe ni wa 1967, binti yangu! Hata ukimpakia melini akashitakiwe London, hiyo miaka miwili inamponza. Na hakimu wa Tanga haamui kwa sheria ya London. Anayo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 na marekebisho yake, na hiyo kampelekee wakili aisome, usimpe fundi mstaafu wa mashine za mkonge.

Ninachokijua mimi ni kwa nini Kobe hana mikanda. Hukuniuliza hilo, najua.

Neno langu mnalijua nyote nyumbani: gari liachwe lilivyozaliwa. Ndiyo maana nilikataa ule usukani wa mbio aliouleta kaka yako, nikakataa na rangi ya kumetameta. Mama yako hunikumbusha redio ya kaseti. Redio ni redio, haikutoboa kitu.

Sasa kile kisa cha Tongoni, njia ya Pangani. Wewe hukisimulia kila harusi, jinsi baba alivyobishana na askari juu ya kioo cha pembeni akamshinda. Na unakisimulia vizuri, sauti yangu unaiweza kuliko mimi. Ulikuwa darasa la pili, 1994, umekaa nyuma na mkungu wa ndizi. Askari akasema gari lina kioo kimoja tu cha nje, upande wa dereva, nilipe faini. Nikamwambia kiwanda kilitoa kimoja. Akasema lipa. Nikazima injini, nikamwambia tutalala hapa. Tukakaa chini ya mwembe saa mbili nzima, mimi namchorea mchangani jinsi Volkswagen ilivyoundwa, mpaka akaja mkubwa wake akasema, "Mwachie mzee aende." Nilikuwa na miaka arobaini na moja, ananiita mzee, na nikafurahi!

Wewe huishia hapo, na watu hucheka. Husemi tulikuwa tunakwenda wapi.

Tulikuwa tunakwenda Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kumzika ami. Ami aliyenisomesha, ami aliyenikopesha nusu ya bei ya hilo hilo gari. Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Tulipofika Pangani pantoni lilikuwa limeshavuka. Nikasimama pale ukingoni, viatu vimejaa tope, naziona kanzu zinapanda kilima ng'ambo ya mto. Jeneza lilikuwa juu ya mabega, linayumba kidogo kila wabebaji walipopokezana. Wewe ukaniuliza, "Baba, mbona hatuendi?" Tulipovuka, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji.

Binamu zangu wakauliza kilichonichelewesha. Nikasema pancha. Wewe ulikuwa umenishika kanzu, ukaniangalia, ukanyamaza. Sijui kama unakumbuka. Mpaka leo Bweni wanajua ilikuwa pancha.

Lakini usidhani nasema askari alikuwa na haki. Hakuwa nayo! Kioo kilikuwa kimoja tangu kiwandani, na leo tena nikisimamishwa nitasema hivyo hivyo. Labda nitasema nikiwa natoa pesa. Au sitatoa. Unaona? Miaka yote hii na bado sijamaliza kubishana naye.

Turudi kwenye mkanda, maana hapo kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Huo wa kukata begani na kiunoni aliubuni mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wenzake watengeneze bila kudai malipo. Kwa hiyo Kobe alipoundwa, mkanda ulikuwa na umri wa miaka minane. Wajerumani waliujua. Nenda kaitazame nguzo ya mlango, kwa juu, usawa wa sikio lako. Utaona kifuniko kidogo cha plastiki. Nyuma yake kuna tundu lenye nati ya inchi 7/16 iliyochomelewa humo humo. La pili liko chini ubavuni, la tatu kwenye lile tuta la katikati ya sakafu. Hivyo hivyo kwa abiria. Gari lilitoka kiwandani likiusubiri mkanda, ni mnunuzi tu hakuagiza.

Sasa mtu anayesema gari liachwe lilivyozaliwa, matundu yale anayaitaje? Na yenyewe yalizaliwa nalo. Hilo nimelijua tangu siku niliyofumua sakafu kubadilisha bati, wewe hujamaliza hata msingi. Nikayafunika. Nikajiambia Tanga mji mdogo, nani atakimbia. Mama yako amekaa kiti cha mbele miaka yote hiyo, mbele yake dashibodi ya bati tupu, hakuna hata sponji.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya hakimu ukaapa kuwa gari halikuandaliwa mikanda, na upande wa pili akawepo mtu anayezijua Volkswagen, utaaibika. Ukisema gari halikuwekewa mikanda, hapo unasema kweli. Kama ukweli huo unakuokoa ni jambo la wakili, na siku utakazopanda basi kuja Tanga kusikilizwa kesi uzihesabu mwenyewe.

Ulipe au usilipe? Sikuambii. Mama yako anasema nikuambie, yuko hapa nyuma ananisomea begani. Ningekuambia, ningesema... basi, nimenyamaza. Una akili zako na mshahara wako.

Mikanda ukiitaka, nunua mipya, usichukue ya gari lililogongwa, maana mkanda ukishavutwa mara moja kwa nguvu hauaminiki tena. Bolti ziwe zake zenyewe, fundi asikuchomekee za kitanda. Kifuniko cha nguzo ya kushoto kinabana kwa sababu nilikipaka gundi. Tumia bisibisi bapa, taratibu, usikwaruze rangi.

Baba yako,
Ngamiani, Tanga